Konokono wa kufuga anakula nini? Mwongozo kamili, kuanzia gamba mpaka mboga

Watu wakisikia nafuga konokono swali la kwanza ni "kwani unamla?" na la pili ni "sa anakula nini?" La kwanza jibu ni hapana, Nigeria na Ghana huko wanawafuga kwa ajili ya nyama na wanalipia vizuri tu, ila hawa wangu ni wa binti yangu na wana majina kabisa, mmoja anaitwa Bonge mwingine Mapepe. Hilo la pili ndo nimeamua nikae chini niliandike lote kwa mkupuo, maana nimechoka kujibu vipande vipande, na pia konokono wa kufuga wengi ninaowaona hawafi kwa njaa jamani, wanafia mikononi mwa mtu aliyewapenda akawagawia chakula cha kwenye sahani yake.

Ninayemuongelea hapa ni yule konokono mkubwa wa kahawia, gamba refu lenye michirizi, anayejaa kwenye kuta na migomba masika yakianza. Kitaalamu ni Lissachatina fulica, vitabu vya zamani vimeandika Achatina fulica, na asili yake ni huku huku kwetu pwani ya Afrika Mashariki, binadamu ndo walimbeba mpaka Asia, visiwa vya Pasifiki na Amerika. Uingereza watu wanamfuga sebuleni kwenye sanduku la kioo kama sisi tunavofuga samaki wa mapambo. Marekani ni marufuku kumuingiza au kumfuga bila kibali, kwaio ndugu zangu mlioko huko msijaribu, mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami na konokono 3 kutoka Hawaii, bibi yake akawaachia bustanini, kuja kuwamaliza ilichukua karibu miaka 10 na dola kama milioni moja. Wakaonekana tena 2011, wakatangazwa wamekwisha 2021, alafu 2022 wakaibuka kaunti nyingine ya Florida hiyo hiyo. Mnyama anayekula zaidi ya aina 500 za mimea sio wa kumwachia uani kwa mtu. Kenya nako kufuga konokono kunataka leseni ya KWS, shirika la wanyamapori la huko, ulizia kwanza kabla hujanunua beseni la kuwafugia.

Haya, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: muangalie anavokula kabla hujamlisha

Hii wengi wanairuka lakini ukiielewa hutauliza tena "nikate vipande vya saizi gani". Chukua kipande cha papai lililoiva, liponde kidogo, lipake kwenye ukuta wa beseni linaloonyesha ndani au kwenye kioo, subiri giza liingie, alafu muangalie kwa upande wa nje na tochi ya simu yenye mwanga mdogo. Utaona mdomo unafunguka na kufunga taratibu, na ndani kuna kitu kama ulimi kinatoka kinakwangua kinarudi, kinatoka kinakwangua kinarudi. Ule sio ulimi kama wetu, ni kama utepe wa msasa wenye vijino maelfu vidogo sana, anakwangua chakula anakivuta ndani. Binti yangu siku ya kwanza kuona alikaa pale nusu saa. Na ukimpa tango usiku kukiwa kimya unamsikia kabisa, krrp krrp krrp, kama mtu anapiga msasa mbao ya mbali.

Maana yake ni kwamba huna haja ya kumkatia vidogo vidogo. Konokono mkubwa mpe kipande kipana chenye uso uliokatwa, nyama ya tango ikae juu ndo aikwangue, ganda gumu atalimaliza au atakuachia. Na anatafuta chakula kwa kunusa zaidi kuliko kwa kuona, zile pembe mbili fupi za chini ndo anapapasia, kwaio kitu kisicho na harufu kama jani lililokauka anaweza kukipita tu.

Hatua ya 2: lisha gamba kwanza, tumbo baadae

Kama utasoma hatua moja tu kwenye mwongozo huu basi soma hii. Gamba la konokono karibu lote ni kalsiamu kaboneti, ile ile ya ganda la yai na chokaa, na analijenga maisha yake yote mpaka akomae, alafu hata akikomaa bado analikarabati na akitaga mayai anatoa kalsiamu tena kwa sababu mayai yake yana ganda gumu. Sasa huko nje anaipata kwenye udongo na kwenye kuta, si umeshawahi kuwaona baada ya mvua wamejipanga kwenye ukuta uliopakwa chokaa? Hawajaenda kupunga upepo pale, wanaukwangua. Ukimfungia kwenye beseni umemnyima ukuta, kwaio ukuta inabidi umletee wewe.

Mi mwanzoni sikujua. Nikawa nalisha mboga safi kabisa kila siku, wamenenepa, wana ute mzuri, alafu kama mwezi wa tatu hivi nikaona gamba la Mapepe limechubuka kileleni, rangi imetoka, pameanza kuwa na vishimo vyeupe. Nikadhani kajigonga. Kumbe Bonge ndo alikua anampanda usiku anamkwangua gamba, amekosa kalsiamu anaitafuta mgongoni kwa mwenzie! Nilivoweka kalsiamu ya kutosha tabia ile iliisha ndani ya wiki kama mbili, ila alama za Mapepe zipo mpaka leo maana kilele cha gamba hakioti upya, konokono anaongezea gamba upande wa mdomo tu.

Kalsiamu ya bei rahisi kuliko zote ni maganda ya mayai, na kama uko mjini huhitaji hata kununua mayai, nenda kwa kijana wa chipsi mayai wa mtaani kwenu umwambie akuwekee maganda kwenye mfuko badala ya kutupa, wangu nilimwambia ni ya konokono akacheka mpaka akaunguza mayai ya mteja lakini ananiwekea. Ukishayapata yaoshe, yachemshe kama dakika 10 kuua vijidudu, yaanike juani yakauke kabisa au yakaange kwenye kikaango kikavu bila mafuta, alafu twanga kwenye kinu au saga na blenda mpaka iwe unga, chekecha. Ule unga laini ndo mzuri, vipande vikubwa vinakaa tu kwenye sahani hawavimalizi. Weka kisahani chao kikavu chenye unga humo ndani muda wote, siku zote, na pia nyunyizia kidogo juu ya mboga kila siku ya pili.

Nzuri zaidi kwangu ni ule mfupa mweupe mwepesi wa dome (yule ndugu yake ngisi) ambao bahari inautupa ufukweni, wenye kasuku wanauning'iniza kwenye tundu. Huu ni laini, konokono anaukwangua mzima mzima bila wewe kutwanga chochote. Ukiuokota pwani hakikisha unaloweka kwenye maji baridi siku tatu nne unabadilisha maji kila siku, maana umejaa chumvi ya bahari na chumvi kwa konokono ni sumu, alafu uuchemshe, uuanike. Kuonja na ulimi mwenyewe ndo kipimo, kama bado una chumvi rudisha kwenye maji. Binti yangu alicheka sana kuniona nalamba mfupa jikoni ila ndo hivo.

Duka la vyakula vya kuku nako wanauza unga wa chokaa ya mifugo na maganda ya baharini yaliyosagwa, haya yanafaa ukiuliza vizuri kwamba ni chokaa tupu isiyochanganywa na chumvi wala dawa. ILA, na hii naiandika kwa herufi kubwa, chokaa ya kujengea au ya kupaka ukuta ile ya mfuko USIMPE, ile mpya ina ukali inaunguza ngozi, ukuta wa zamani ulioshakauka miaka ni kitu kingine na unga mbichi wa mfuko ni kitu kingine kabisa.

Utajuaje kalsiamu inatosha? Angalia ukingo wa mdomo wa gamba, konokono anayekua ana ukanda mpya pale mwepesi unaobonyea kama kucha ya mtoto mchanga, ukiuona basi anajenga. (Na kwa sababu hiyo usimshike kwa ukingo huo, utauvunja, lowanisha mkono wako uuteleze chini ya mguu wake.) Ukiona gamba jipya linakuja jembamba lenye mikunjo, au anakula udongo sana, au wanaanza kukwanguana, ongeza kalsiamu.

Hatua ya 3: mboga ndo ugali wao

Kwenye chakula cha siku weka mboga robo tatu, na mboga za sokoni kwetu zinatosha kabisa. Chainizi, sukuma, saladi, figili, majani ya maboga, matembele, tango, boga, zukini ukiipata, karoti, viazi vitamu. Majani ya mpapai wanayapenda kupita maelezo, wafugaji wa Afrika Magharibi wanayatumia sana kwa sababu hiyo, kama una mpapai uani umeshamaliza nusu ya bajeti. Bonge akiona jani la mpapai analianzia pembeni anakula nusu duara nusu duara, asubuhi linabaki mishipa tu kama wavu wa samaki.

Tango kila mtu anawapa na wanalikimbilia ila tango ni maji matupu, mi naliona kama soda kwao, zuri siku ya joto au kwa konokono mgonjwa asiyetaka kula, lakini ukimlisha tango peke yake wiki nzima umemnywesha tu hujamlisha. Karoti, boga na kiazi kitamu ndo vina nguvu. Kiazi na karoti vikiwa vigumu vichemshe kidogo bila chumvi, vipoe.

Mchicha na spinachi naomba tuelewane. Sio sumu na wanakula vizuri, tatizo vina kitu kinaitwa oksaleti kinachokamata kalsiamu tumboni isiweze kutumika, kwaio unaweka kalsiamu kwa mkono mmoja unainyang'anya kwa mwingine. Mara moja kwa wiki haina shida, kila siku hapana. Mama jirani aliniambia "mbona wa porini wanakula mchicha wangu wote", ni kweli mama, lakini wa porini akimaliza mchicha anapanda ukutani kwako anakula na rangi.

Kiasi? Kwa konokono wawili wakubwa wenye gamba kama sentimita 10 mi naweka majani mawili mapana na kipande cha boga au karoti saizi ya kiberiti, kila usiku. Asubuhi nikikuta pamebaki kidogo najua kiasi kiko sawa, nikikuta peupe kabisa siku mbili mfululizo naongeza, nikikuta pamebaki nusu napunguza. Hakuna mzani hapo.

Sasa kuosha. Mboga ya sokoni inaweza kuwa imepigwa dawa juzi tu, kwako wewe ukiiosha na kuipika dawa inapungua ila konokono anaila mbichi na mwili wake ule laini unafyonza kila kitu. Mwaka jana nilinunua sukuma nzuri inang'aa, nikaisuuza harakaharaka kwa bomba nikawawekea, asubuhi konokono wa tatu tuliyekua naye (alikua anaitwa Kipara) yuko nje ya gamba amelegea, hashiki, hajirudishi ndani, siku iliyofuata amekufa. Toka siku hiyo naloweka majani kwenye beseni la maji dakika 20, namwaga, narudia, alafu nasuuza moja moja kwa vidole pande zote. Na mboga nyingi sa hivi napanda mwenyewe kwenye ndoo kuukuu, matembele hayana makuu, unachomeka tu kikonyo.

Hatua ya 4: matunda kwa kiasi

Papai, tikiti, embe, ndizi, peasi, zabibu iliyokatwa, wanapenda vyote na ndizi ndo wanapigania. Lakini sukari nyingi inawaharibu tumbo na inaleta vinzi na utitiri kwenye beseni, kwaio matunda mara moja au mbili kwa wiki, kipande kidogo, na unakitoa asubuhi hata kama hajamaliza. Maganda ya tikiti yale ya nyama nyeupe ni mazuri kuliko tikiti lenyewe. Machungwa, malimao, ndimu, nanasi, ukwaju, vyote vichachu acha, asidi na gamba la chokaa haviendani hata kwa akili ya kawaida.

Jambo la kuchekesha ambalo halijaandikwa kwenye pakiti yoyote: kinyesi chao kinatoka na rangi ya chakula. Karoti ya jana, leo kamba ya rangi ya machungwa. Majani, kijani kibichi. Ukimuachia boksi au gazeti ataila karatasi na itatoka kijivu, ndio, wanakula karatasi, boksi la kawaida lisilo na rangi wala gundi halina madhara. Sisi nyumbani ndo tunavojua nani kala nini, Mapepe hapendi karoti na ushahidi ninao.

Hatua ya 5: protini, na hapa ndo penye mtego wa chumvi

Konokono sio mla majani tu, huko nje anatafuna na mizoga ya wadudu na konokono wenzake waliokufa. Mkubwa anahitaji protini mara moja kwa wiki, anayekua mara mbili. Ulaya wanatumia chakula cha samaki na kamba wadogo waliokaushwa, hapa kwetu tuna dagaa, lakini dagaa gani? Dagaa wa baharini wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hao usiwaguse. Chukua dagaa wa Ziwa Victoria wale wadogo wa kuanikwa juani, nao waonje kwanza, waloweke maji ya uvuguvugu saa nzima umwage maji mara mbili, toa mchanga, waanike tena, wasage unga. Kijiko cha chai kisichojaa kinatosha konokono wawili, kilowanishe kidogo kiwe kama uji mzito, weka kwenye kifuniko cha chupa.

Asubuhi kitoe. Usiseme ataendelea mchana. Dagaa waliolowana kwenye beseni la joto saa sita mchana, harufu yake hata konokono anaikimbia.

Mi huwa natengeneza mchanganyiko wa kopo moja unakaa mwezi mzima: vikombe viwili vidogo (saizi ya kikombe cha kahawa) vya unga wa maganda ya mayai, kimoja unga wa dagaa, kimoja shayiri ya uji isiyo na sukari iliyosagwa, na nusu kikombe mbegu za maboga mbichi zilizosagwa. Vyote vikavu, kopo likavu, mfuniko ukaze. Chakula cha kuku cha dukani watu wananiuliza, kina vitu vizuri ila huwa kinatiwa chumvi ndani, mi sikitumii.

Hatua ya 6: vya kukataa bila huruma

Chumvi ni namba moja, na kwa chumvi simaanishi tu ile ya kopo, namaanisha chipsi, kachumbari, mchuzi, mkate, jibini, karanga za kukaanga, wali wa jana. Mgeni mmoja alikuja nyumbani akamhurumia Bonge akampa chipsi moja tu, "aonje". Nilivoingia Bonge alikua anatoa povu, lile povu la mapovu madogo madogo linalotoka kama sabuni, mwili umesinyaa. Hilo povu ni konokono anajitetea. Nikamtoa nikamshika chini ya maji ya bomba yanayotiririka taratibu, nimemuosha kama dakika tano, nikamuweka peke yake kwenye bakuli lenye kitambaa kilicholowa, akakaa siku mbili amejificha ndani ya gamba ndo akatoka. Alikua na bahati, mwingine haponi.

Vitu vya wanga kama ugali, wali, tambi na mkate hata bila chumvi usivizoeshe, vinavimba tumboni. Vitunguu vyote na saumu acha. Kahawa na mabaki yake acha pia, kafeini inawadhuru. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo hapana (nyanya iliyoiva yenyewe kidogo sawa), kiazi mviringo kilichokua kijani hapana, kisamvu kibichi mi nakiacha kwa sababu ya ile sumu ambayo hata sisi tunaitoa kwa kutwanga na kuchemsha. Na bakuli la chakula lisiwe la shaba, konokono na shaba ni maadui, tumia plastiki au udongo.

Hatua ya 7: maji na muda wa kula

Kisahani cha maji kiwe kifupi, kina kama sentimita moja, asije akazama. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku mmoja kwanza. Badilisha kila siku kwa sababu wanaoga humo humo na wananya humo humo, ustaarabu hawana. Alafu pulizia maji kwenye udongo na kuta za beseni asubuhi na jioni, pawe na unyevu ila pasitote matope, konokono mkavu hali hata umuwekee nini.

Chakula naweka baada ya Maghrib, natoa mabaki asubuhi kabla sijaenda kazini. Ni viumbe wa usiku, ukiweka chakula saa nne asubuhi kitanyauka na wao wamelala wamejizika. Ratiba yangu ni kwamba Jumapili nasaga na kuandaa, Jumatatu mpaka Alhamisi majani na boga au karoti, na Jumatano hapo naongezea unga wa dagaa, Ijumaa matunda, Jumamosi majani tu ya bustanini. Kalsiamu ipo kila siku. Nikisahau siku moja hakuna aliyekufa.

Na ukishamaliza osha mikono kwa sabuni, wewe na mtoto, hasa kama konokono ulimuokota nje, maana wa porini wanaweza kuwa wamebeba minyoo ya mapafu ya panya ambayo ikiingia kwa binadamu inakwenda kusumbua ubongo. Mtoto asile huku anamshika, na sahani zao zisioshwe pamoja na vyombo vyenu.

Hatua ya 8: vitoto

Ukiwa nao wawili jiandae, kila mmoja ana jinsia zote mbili na mkupuo mmoja unaweza kuwa mayai 100 na zaidi. Kama huna mpango wa kulea mia, chimba mayai mapema uyaweke friza siku mbili ndo utupe, usiyatupe mazima jalalani. Ukiacha machache yakatotolewa, chakula chao cha kwanza wanajua wenyewe, wanakula ganda la yai walilotokea, waache nalo usisafishe. Baada ya siku chache wape saladi laini au chainizi lililokatwa jembamba, lilale bapa juu ya udongo wasilitafute mbali, na juu yake unga wa kalsiamu kama vumbi. Hawa ndo usithubutu kuwapungukia kalsiamu na protini hata siku mbili, gamba lao linapitisha mwanga ukilimulika, unaona moyo unadunda.

Hatua ya 9: akigoma kula

Kwanza usipanike. Konokono akiona pamekauka au baridi anajifungia ndani ya gamba na kuziba mlango kwa utando mweupe, huku nje ndo anavovuka kiangazi, anaweza kukaa miezi. Jirani yangu alimtupa wake akidhani amekufa. Mnuse: aliyekufa ananuka vibaya mno, huwezi kukosea, aliyelala hana harufu. Muamshe kwa kumuweka kwenye kisahani chenye maji ya uvuguvugu kidogo yanayogusa tu mdomo wa gamba, dakika 10 mpaka 20, ute utaanza kulowana na utando utaachia. Mbele yake weka tango au tikiti, sio karoti, tango ndo mlango wa kurudi.

Kama hajajifungia na bado hali zaidi ya siku tatu, angalia joto kwanza (wanapenda nyuzi 20 mpaka 28), alafu unyevu, alafu jiulize ulibadilisha mboga au duka lini. Wengine wanachoka tu. Mapepe alisusa kila kitu siku nne, nikampa ua la boga, akalimaliza lote na kikonyo chake.

Hatua ya 10: ukisafiri

Siku mbili tatu haziwaui. Kabla ya kuondoka naloanisha udongo vizuri, najaza kisahani cha kalsiamu, naweka karoti nzima mbili na kipande kikubwa cha kiazi kitamu kibichi ambacho hakiozi haraka, hakuna tunda, hakuna dagaa. Safari ya wiki namuachia mtu, na kwenye mfuniko wa beseni nabandika karatasi: PULIZIA MAJI, WEKA MAJANI YALIYOOSHWA, USIWAPE CHIPSI.